Manufaa ya blogu na mitandao ya kijamii kwa maafisa wa mawasiliano

JIONI ya Septemba 29, 2019, gari lililombeba mama na bintiye mdogo liliteleza kutoka kwa feri ya MV Harambee na kuzama katika kivuko cha Likoni, Mombasa. Video zilizopigwa na abiria kwa simu zilisambaa kote nchini muda mfupi baadaye. Gari hilo liliopolewa Oktoba 11, na siku zote hizo wananchi waliuliza mitandaoni sababu ya shughuli hiyo kukawia. Msemaji wa Serikali, Kanali Mstaafu Cyrus Oguna, alilazimika kutoa taarifa za mara kwa mara kutoka Likoni.

Mambo yalikuwa tofauti Aprili 29, 1994, feri ilipopinduka katika kivuko jirani cha Mtongwe na kuua watu 272. Enzi hizo jamaa walitegemea redio, magazeti na maneno ya waliofika ufuoni. Leo, mkasa ukitokea, raia ndiye mpasha habari wa kwanza. Afisa wa mawasiliano asiyekuwa na ukurasa unaoaminika hujikuta akijibu uvumi badala ya kutangaza ukweli.

Manufaa ya kwanza ya mitandao ya kijamii, basi, ni kasi. Abiria wa Likoni anayewahi kazini kisiwani anataka kujua mapema iwapo feri imeharibika, wala hawezi kungoja gazeti la kesho.

Pili, mitandao ni sikio. Mkazi wa Kisauni anayelalamikia mifereji mikavu, au wa Changamwe aliyekwama nyuma ya malori ya bandarini, humpa afisa habari ambazo hangezipata akiwa ofisini. Akizisoma kwa makini, hugundua tatizo kabla halijawa maandamano. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tatu, blogu ni ghala la kumbukumbu. Ujumbe wa Facebook au WhatsApp husahaulika upesi, lakini makala ya blogu hueleza jambo kwa kina na hupatikana hata baada ya miaka. Kwa anayetafuta kazi, makala hizo ni ushahidi wa ujuzi wake wa kuandika na kuchanganua mambo.

Nguvu ya blogu ilidhihirika nchini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni, mwanablogu Ory Okolloh aliendelea kupokea na kuchapisha habari za ghasia. Kutokana na wazo lake, yeye na wenzake waliunda tovuti ya Ushahidi mnamo Januari 2008, iliyoonyesha kwenye ramani ripoti zilizotumwa na wananchi. Baadaye programu hiyo ilitumika katika mataifa mengine, ikiwemo Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010.

Hata hivyo, kasi bila uangalifu ni hatari. Afisa anapaswa kuthibitisha habari kabla ya kuichapisha, kukiri kosa anapokosea, na kutoanika picha za waathiriwa. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadhibiti matumizi ya habari za kibinafsi.

Muhimu zaidi, ukurasa haujengwi siku ya mkasa. Msomaji aliyezoea kupata ukweli humo wakati wa shwari ndiye atakayeukimbilia wakati wa dhoruba.