Orodha ya Mwaka Mpya: Diplomasia Iliyodumu kati ya India na Pakistan

Kila tarehe 1 Januari, tangu mwaka 1992, serikali ya India huukabidhi ubalozi wa Pakistan mjini New Delhi orodha ya vituo vyake vya nyuklia, na siku hiyohiyo mjini Islamabad ubalozi wa India hupokea orodha ya Pakistan. Hakuna gwaride wala hotuba. Magazeti hutenga aya mbili tatu, kisha watu huendelea na mambo yao. Mwaka 2025 shughuli hiyo ilifanyika kwa mara ya 34. Katika miaka hiyo nchi hizi mbili zimelipua mabomu ya majaribio, zimepigana katika milima ya Kargil, zimepanga malaki ya askari mpakani kwa takriban miezi kumi na zimepunguza maafisa wa balozi zao zaidi ya mara moja, lakini orodha hazikukosekana hata mwaka mmoja. Wanaoandika historia ya amani ya bara Hindi huwa na haraka ya kufika kwenye mikutano ya wakuu, palipo na picha za kukumbatiana. Kwa maoni yangu, tukitaka kujua nini hasa kimeyazuia majirani hawa wenye silaha za nyuklia wasifike pabaya zaidi, tuanzie kwenye karatasi hizi zisizo na mvuto, na tujiulize kwa nini zimedumu pale maazimio makubwa yalipokufa.

Chimbuko lake ni hofu. Juni 1981 ndege za Israel zilikibomoa kinu cha nyuklia cha Osirak nchini Iraq, na tangu hapo Pakistan haikuacha kuwaza kwamba India ingeweza kufanya vivyo hivyo Kahuta, ilikokuwa ikirutubisha urani. Desemba 1985 Jenerali Zia-ul-Haq wa Pakistan na Rajiv Gandhi wa India waliahidiana kwa mdomo kwamba hakuna atakayevishambulia vituo vya mwenzake. Mwaka mmoja baadaye India ilianza mazoezi makubwa ya kijeshi yaliyoitwa Brasstacks, Pakistan ikasogeza vikosi vyake, na mapema 1987 ilionekana kama vita vingezuka kwa kutoelewana tu. Februari mwaka huo Zia alipanda ndege hadi Jaipur, eti kutazama kriketi, na joto likapungua. Ahadi ya mdomo ilitiwa saini Islamabad tarehe 31 Desemba 1988, mbele ya Rajiv Gandhi na Benazir Bhutto, waziri mkuu mpya wa Pakistan, ikaanza kutumika Januari 1991. Ni mkataba mfupi mno. Hausemi lolote kuhusu Kashmir wala hauulizi nani ana bomu, na hakuna mkaguzi wa kuhakiki kilichoandikwa. Kila upande huandika unachotaka kuandika, na mwingine hupokea bila maswali.

Ukiulinganisha mkataba huo na mikutano ya wakuu, tofauti inajitokeza yenyewe. Vita vya 1965 vilifungwa kwa Tamko la Tashkent la tarehe 10 Januari 1966, chini ya usuluhishi wa Alexei Kosygin wa Umoja wa Kisovieti. Saa chache baadaye Waziri Mkuu wa India, Lal Bahadur Shastri, alifariki hukohuko Tashkent, na haikupita miaka sita vita vikarudi. Mkutano wa Agra wa Julai 2001 uliisha bila hata taarifa ya pamoja. Wa Lahore ndio unaouma zaidi. Mei 1998 nchi zote mbili zilikuwa zimelipua mabomu, India kule Pokhran na Pakistan katika milima ya Chagai. Februari 1999 Waziri Mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, alivuka mpaka kwa basi, akapokelewa na mwenzake wa Pakistan, Nawaz Sharif, akaenda hadi Minar-e-Pakistan, mnara unaokumbuka azimio la kudai nchi ya Waislamu. Kwa kiongozi wa chama cha wazalendo wa Kihindu, hatua hiyo ilikuwa kauli kwamba Pakistan ipo na itakuwepo. Wakati huohuo wanajeshi wa Pakistan walikuwa wanapanda vilele vya Kargil vilivyoachwa na Wahindi kwa sababu ya baridi. Kufikia Mei damu ilikuwa inamwagika. Basi likabaki katika picha. Lakini siku ile Lahore makatibu wakuu wa wizara za mambo ya nje walitia saini pia waraka wa kiufundi ambao wachache waliujali, wa kupeana taarifa kabla ya kujaribu makombora ya balistiki. Oktoba 2005 waraka huo ulizaa makubaliano kamili, na Februari 2007 yakafuata mengine kuhusu ajali zinazohusu silaha za nyuklia, siku chache tu baada ya mabomu kuua makumi ya abiria katika treni ya Samjhauta iliyokuwa inaelekea Pakistan.

Msomaji mwenye shaka atauliza: karatasi hizi zimezuia vita gani? Kargil ilitokea orodha zikiwa zinabadilishwa, sawa na mashambulizi ya anga ya 2019 na ya Mei 2025. Swali ni la haki, lakini linazidai kazi ambayo hazikuumbwa kuifanya. Hazikutungwa kuondoa uadui. Ziliwekwa ili uadui uwe na mahali pa kukomea. Kargil yenyewe inaonyesha hivyo tukiitazama kwa makini. Makubaliano ya Simla ya Julai 1972, kati ya Indira Gandhi wa India na Zulfikar Ali Bhutto wa Pakistan baada ya vita vya 1971, yalikuwa na sehemu mbili. Moja ilizungumzia suluhisho la mwisho la Kashmir, na hadi leo wanasiasa wanabishana nini kilikubaliwa. Nyingine ilihusu Mstari wa Udhibiti unaoigawa Kashmir, ambao maafisa wa jeshi wa pande zote mbili waliuchora ramanini hatua kwa hatua hadi Desemba mwaka huo. Mwaka 1999 serikali ya Vajpayee iliziamuru ndege zake zisiuvuke mstari huo hata kama kufanya hivyo kungerahisisha vita, na ulimwengu ukapata cha kunyooshea kidole: tarehe 4 Julai Sharif, akiwa Washington mbele ya Bill Clinton, alikubali kwamba mstari urudishiwe heshima yake. Kilichosaidia katika Simla ni mchoro wa makanali, wala si ile ndoto ya wakuu.

Wapo watakaosema kwamba kinachowazuia ni bomu lenyewe, na karatasi ni pambo. Sikatai kwamba hofu ya maangamizi ina nguvu. Lakini hofu humfanya mtu awe mwangalifu pale tu anapojua kinachotokea. Kati ya Moscow na Washington kombora lilihesabiwa nusu saa angani; hapa ni dakika chache, na miji mikubwa kama Lahore na Amritsar inatazamana mpakani. Tarehe 9 Machi 2022 kombora la India liliruka kwa bahati mbaya na kuangukia karibu na Mian Channu, zaidi ya kilomita 100 ndani ya Pakistan. Halikuwa na kichwa cha nyuklia na halikuua mtu. India ilikiri hadharani siku mbili baadaye, na maafisa watatu wa jeshi lake la anga wakafukuzwa kazi. Pakistan ililalamika, na kwa haki, kwamba haikuarifiwa mara moja. Kombora hilo lilikuwa la aina inayoruka chini kama ndege, na makubaliano ya 2005 yanahusu makombora ya balistiki pekee. Bomu halikuwa na la kusema siku ile. Pengo lilikuwa katika karatasi, na karatasi ndiyo ingeliziba: kifungu kimoja tu cha kuingiza makombora ya aina hiyo. Kwamba hadi sasa hakuna aliyeona haja ya kukiandika ni uzembe ambao majigambo ya kuzuiana kwa nguvu husaidia kuuficha.

Kuna pia hoja ya mgeni. Kosygin alikuwepo 1966, Clinton 1999, na tarehe 10 Mei 2025 Donald Trump ndiye aliyetangulia kuutangazia ulimwengu kwamba mapigano yamesitishwa. Pakistan ilimshukuru, India ikasisitiza kwamba hakuna aliyesuluhisha. Tukiweka kando ubishi huo wa heshima, ambao kila upande una wapiga kura wake wa kuuchochea, kilichotokea siku ile kina sura inayojulikana. Mkuu wa operesheni za kijeshi wa Pakistan alimpigia simu mwenzake wa India saa 9:35 alasiri kwa saa za India, wakakubaliana risasi na makombora yanyamaze kuanzia saa 11 jioni. Njia hiyo ya simu ilitokana na vita vya 1971. Imetumika katika kusitisha mapigano mpakani Novemba 2003 na tena Februari 2021. Rafiki wa mbali anaweza kuwashinikiza wakuu waseme ndiyo, lakini lazima iwepo njia ya kuifikisha ndiyo hiyo kwa koplo aliye kwenye handaki, na Washington haina njia hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la maji. Mkataba wa Mto Indus, uliotiwa saini Karachi tarehe 19 Septemba 1960 na Jawaharlal Nehru wa India na Ayub Khan wa Pakistan kwa usuluhishi wa Benki ya Dunia, ulikuwa fahari ya wote wanaoamini makubaliano ya kiufundi. India ilipewa mito mitatu ya mashariki, Ravi, Beas na Sutlej. Pakistan ikapewa Indus, Jhelum na Chenab. Tume ya kudumu ya wahandisi iliendelea na kazi yake vita vikija na kuondoka. Kisha tarehe 22 Aprili 2025 watu wenye bunduki waliua watu 26 Pahalgam, Kashmir, na kesho yake India ikatangaza kuusimamisha mkataba huo hadi Pakistan iache, kwa maneno yake, kuunga mkono ugaidi. Pakistan ilikanusha kuhusika, ikasema kuzuia maji yake ni sawa na kutangaza vita. Je, hoja yangu haijazama hapo?

Imepata jeraha, nakiri, na inabidi irekebishwe. Si kila makubaliano ya kiufundi hudumu. Hudumu yale ambamo pande zote mbili zimejiweka wazi kwa kiasi kilekile. Anayetoa orodha ya vinu hupata orodha ya vinu, na akiikatiza leo, vyake vinakosa ulinzi leoleo. Wanakijiji wa pande zote mbili za Mstari wa Udhibiti hulala mahandakini mapigano yanapoanza, ndiyo maana usitishaji wa mapigano hufa na kufufuka. Maji ni jambo jingine. Aliye juu ya mto ana cha kumnyima aliye chini, na wa chini hana cha kumlipizia isipokuwa vita au mahakama. Kwa karibu miaka 65 mkataba uliishi kwa sababu India iliona faida kuonekana nchi inayotimiza ahadi. Hata wakati wa vita vya 1965 iliendelea kulipa mchango wake wa fedha za kujengea mifereji ya Pakistan. Faida ya jina zuri ilipopungua machoni pa wapiga kura, jiografia ikabaki peke yake. Mkataba kama huo, uliosimama juu ya hisani ya mmoja, ulihitaji kufungwa na kitu ambacho yeye pia angekikosa.

Nisieleweke kwamba nayadharau mazungumzo makubwa. Kati ya 2005 na 2007 wajumbe wa siri, Satinder Lambah wa India na Tariq Aziz wa Pakistan, walikaribia kufikia mpangilio wa Kashmir: mipaka isibadilishwe, ila watu na bidhaa zipite, na majeshi yapungue. Wakati huo ndipo basi la kutoka Srinagar hadi Muzaffarabad lilipoanza, Aprili 2005. Lakini angalia ratiba. Mazungumzo hayo yaliwezekana kwa kuwa Novemba 2003 mizinga ilikuwa imenyamaza, na yalipotea mikononi mwa Rais Pervez Musharraf wa Pakistan alipogombana na majaji wa nchi yake mwaka 2007. Shambulio la Mumbai la Novemba 2008, lililoua zaidi ya watu 160, likaufunga mlango kabisa. Jambo kubwa lilitegemea mtu mmoja kubaki madarakani. Lile dogo halikumtegemea yeyote. Orodha zilibadilishwa wiki tano baada ya Mumbai. Na Novemba 2019, miezi mitatu baada ya India kuifutia Kashmir hadhi yake maalumu na Pakistan kumtimua balozi, njia ya kwenda Kartarpur, Pakistan, ilifunguliwa ili mahujaji wa Kisingasinga kutoka India wafike bila viza palipoishia maisha ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao. India iliifunga Mei 2025, kwa hiyo hata hiyo si ngao. Ila ilifunguliwa wakati ambapo hakuna waziri aliyethubutu kumpa mwenzake mkono.

Tarehe 24 Agosti 2025, mkataba wa maji ukiwa umesimamishwa na wahandisi wa tume wakiwa hawawasiliani, mvua kubwa za masika ya bara Hindi ziliujaza mto Tawi unaopita Jammu na kuingia Pakistan. India ilituma onyo la mafuriko. Ililipitisha kwa ubalozi wake Islamabad, ikaeleza kwamba inafanya hivyo kwa sababu za kibinadamu tu. Wizara ya mambo ya nje ya Pakistan ililalamika kwamba onyo lilipaswa kupitia kwenye tume, lakini taarifa yenyewe ilikuwa imeshapokelewa.