Uamsho katika Masisi na Walikale: mwinjilisti anapita, nini kinabaki?

Neno “uamsho” linasikika sana katika makanisa yetu ya mashariki. Linatangazwa siku ya Mungu baada ya matoleo: juma la uamsho litaanza Jumatano, mwinjilisti anatoka Goma, kila familia ilete kuni na maharagi ya kumpokea mgeni. Hapa tunaeleza uamsho huo ulianzia wapi, kazi ya mwinjilisti wa safari inakwendaje Masisi na Walikale, na kanisa linaweza kuyapima namna gani matunda yake.

Uamsho ni nini

Uinjilisti unamwendea mtu ambaye hajaamini. Uamsho unaanza ndani ya kanisa, kwa watu waliobatizwa zamani ambao imani yao imepoa. Kwa hiyo mwinjilisti wa uamsho anawahubiri kwanza wanakwaya, mashemasi, wazee wa kanisa na wachungaji wenzake. Wapagani wakiokoka juma hilo, tunamshukuru Mungu, lakini mlango wa kwanza ni wa nyumba ya Mungu yenyewe.

Majirani wawili

Upande wa mashariki yetu kuna Gahini, nchini Rwanda, penye misheni na hospitali ya Waanglikana. Mwaka 1929 daktari Joe Church wa Gahini alikutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka iliyofuata moto uliwashika wauguzi na walimu wa Gahini, kati yao Yosiya Kinuka na Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyefariki Januari 1936. Kutoka hapo vikundi vya waamini vilisafiri Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Wengi wao hawakuwa wachungaji. Walijulikana kwa mambo matatu: kuungama dhambi mbele ya ndugu, kurudisha walichoiba, na kukutana mara kwa mara ili kila mmoja amchunge mwenzake.

Upande wa magharibi kuna Lubutu, katika Maniema, kwenye barabara inayotoka Walikale kwenda Kisangani. Mwaka 1953 uamsho ulitokea katika kituo cha misheni ya WEC huko Lubutu, ukafika hadi Ibambi, mahali ambapo C.T. Studd alifanya kazi mpaka kufa kwake mwaka 1931. Watu walilia na kutetemeka, na ibada zilichukua saa nyingi. Lakini jambo la Gahini lilionekana na huko: mtu aliungama wizi au chuki, kisha alikwenda kutengeneza na yule aliyemkosea.

Njia na makanisa

Masisi ni nchi ya milima na malisho ya ng’ombe. Walikale ni msitu, na ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Huko utakuta CBCA, CEPAC, ambayo wazee bado wanaiita MLS, CELPA, na jumuiya nyingine za Kiprotestanti zilizounganishwa katika ECC tangu mwaka 1970.

Mwinjilisti anayetoka Goma hupitia Sake na Mushaki hadi Masisi, kisha Nyabiondo. Kutoka hapo kwenda Kibua na Mpofi ni pikipiki, na mahali pengine ni miguu na matope. Anayetoka Bukavu hupitia Hombo na Itebero. Barabara zilikuwa mbaya hata kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe huko Kilambo, zikileta bidhaa na kubeba kasiterite. Tena kuna bariere, na kila bariere inataka pesa. Ndiyo maana kanisa linalomwalika mwinjilisti linapaswa kufikiri mapema nauli yake ya kwenda na ya kurudi, siyo chakula tu.

Vita vimebadilisha safari hizi. Tangu M23 waliporudi mwishoni mwa 2021, Kitchanga iliangukia mikononi mwao Januari 2023, Rubaya mwaka 2024, na Machi 2025 waliingia Walikale mjini, wakatoka mwanzoni mwa Aprili. Watu wakikimbia, kanisa nalo linakimbia. Hivyo mwinjilisti wa leo anahubiri mara nyingi chini ya turubai, kwa watu waliotoka parokia tatu au nne tofauti, na mchungaji wao hajulikani alipo.

Ibada inavyokwenda

Kiswahili ndicho lugha ya mahubiri, lakini mama mzee aliyeketi nyuma anaweza kusikia vizuri Kihunde, Kinyarwanda au Kinyanga tu. Kwa hiyo mtafsiri ni mtumishi kamili. Tukumbuke Nehemia 8: Ezra alisoma sheria, na Walawi wakawaeleza watu mpaka wakaelewa, ndipo kilio kikaanza. Mwinjilisti anayemkimbiza mtafsiri wake anahubiri nusu ya kanisa.

Saa za ibada nazo zinapangwa na hali. Pasipo na usalama, mkesha unageuka kuwa maombi ya mchana, na watu wanaachiliwa mapema wafike nyumbani kabla ya giza. Siku ya soko haipangwi mkutano. Karibu na machimbo, kama pande za Bisie, wachimbaji hawana Jumapili, basi mwinjilisti anawafuata saa wanapopumzika.

Kuungama na kurudisha

Siku ya tatu au ya nne watu huanza kusimama. Mara nyingi kinachoungamwa ni kitu cha vita: mabati yaliyong’olewa kwenye nyumba ya jirani aliyekimbia, mlango, mbuzi, shamba lililolimwa bila ruhusa ya mwenyewe. Hapo uamsho unapimwa. Zakayo alisimama akaahidi kurudisha, akataja na kiasi. Mabati yakibaki juu ya nyumba ya aliyeungama, jirani atakaporudi hatauliza tulilia kiasi gani.

Tuseme na neno la ulinzi. Kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2010, katika vijiji vya Luvungi na vingine kati ya Kibua na Mpofi, watu wenye silaha walibaka wanawake, wanaume na watoto. Umoja wa Mataifa ulihesabu wahanga wasiopungua 387. Kanisa linalokusanyika pande hizo lina watu wa namna hiyo katika viti vyake. Aliyetendewa uovu hana dhambi ya kuungama, na asisukumwe kusimulia mbele ya watu ili ibada ipate ushuhuda. Anahitaji mama mwaminifu wa kumsikiliza faraghani, na njia ya kufika hospitali. Hali kadhalika, asiruhusiwe mtu kumtaja mjane au mtoto kuwa mchawi kwa jina la unabii.

Swali la kabila

Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi yote, na maelfu walikufa. Mwaka uliofuata, Rwanda, nchi ya Gahini, ilipitia mauaji ya kimbari, na hata ndani ya makanisa watu waliuawa. Huko kote walikuwepo watu waliobatizwa na walioimba nyimbo za uamsho. Tunasema hili kwa uchungu, kwa sababu linatufundisha kwamba mtu anaweza kuungama ulevi na uzinzi, akaficha chuki ya kabila kana kwamba siyo dhambi.

Kwa hiyo tunashauri wainjilisti watumwe wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake, na wawili hao wawe wa lugha tofauti. Wale chakula katika nyumba za pande zote. Na katika juma lile liwepo hubiri moja linalotaja chuki hiyo waziwazi.

Baada ya mwinjilisti kuondoka

Kazi iliyobaki ni ya kanisa la mahali. Baada ya miezi mitatu wazee wakutane na kujiuliza: Ni vitu gani vilirudishwa kwa wenyewe? Nani waliokuwa hawasalimiani sasa wanashiriki Meza ya Bwana pamoja? Walioamini wapya wamewekwa katika mafundisho ya ubatizo, na mikononi mwa nani? Wanaoogopa kurudi kijijini, je, kuna ndugu wa kabila lingine aliye tayari kuwasindikiza?

Majibu yakiwepo, hata machache, basi Bwana amepita hapo. Yasipokuwepo, wasikimbilie kumwalika mwinjilisti mwingine. Waanze na jirani wa karibu, na lile bati lake.