Kabla ya Seng'enge, Kajiado Ilikuwa Ramani

Wasee, kuna mchezo wa kukata porini kwa ramani na dira. Unapewa vituo vya kufikia, njia unajitafutia mwenyewe. Ulianzia jeshini Sweden, jina lake likatumika huko 1886, na mashindano ya kwanza ya umma yakafanyika Norway 1897. Wengi huona ni mambo ya wazungu wenye viatu ghali. Mimi nasema nyasi za Kajiado zilikuwa na hiyo kitu zamani, tena bila karatasi.

Ulishika kule kwa sababu moja ambayo watu hawaitaji. Kwa desturi ya Sweden na Norway, unaweza kutembea kwenye msitu au mlima wa mtu bila kuomba ruhusa, bora usiharibu. Bila hiyo, dira ni pambo tu.

Huku Wamaasai walitembea hivyo hivyo na mifugo, na ramani ilikuwa kwenye majina. Kajiado inatoka kwa Olkejuado, yaani mto mrefu. Ol Doinyo Orok pale Namanga ni mlima mweusi. Ol Donyo Sabuk ni mlima mkubwa. Simama Kitengela asubuhi isiyo na mawingu, mahali ambapo ghorofa haijakuziba: Ngong iko magharibi kama vifundo vya ngumi, Sabuk kaskazini mashariki, Kilimanjaro kusini. Alama tatu zinatosha kujua uko wapi, na haziishi chaji.

Sasa seng'enge ilitoka wapi? Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamaasai kupisha walowezi. Halafu 1968 ikaja sheria ya ranchi za pamoja: ardhi kwa jina la kikundi, mifugo bado inazunguka. Ranchi ya Kitengela ikagawanywa miaka ya 1980, kila mwanachama na kipande chake. Mwaka 1990 EPZ ikaanzishwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji nyumba, na vipande vikakatwa tena kuwa ploti za hamsini kwa mia. Nyumba yetu imesimama kwenye moja, kwa hivyo siongei kama mgeni.

Na msiwalaumu wenyeji haraka. Kama babu yako alihamishwa kwa mkataba, wewe pia ungetaka hati yenye jina lako.

Lakini nyumbu hana hati. Mbuga ya Nairobi ilifunguliwa 1946, na upande wa kusini uliachwa wazi ili wanyama watoke kuja nyanda hizi mvua ikinyesha. Mwaka 2000 ukaanza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela wasiweke ua: dola 4 kwa ekari kwa mwaka. Dola nne! Weka hiyo kando ya bei ya ploti, uniambie nyumbu angeshinda vipi.

Ukitaka kujaribu leo, shuka chini ya Kona Baridi, kwa vilima vya nyasi kavu nyuma ya Ngong. Njia iliyonyooka kwa simu itakupeleka hadi kwa waya. Usiukate. Tafuta boma, msalimie mzee kwanza, inamisha kichwa akiguse, ndipo uulize pa kupita. Na beba maji mengi. Februari hakuna kivuli huko, ni miiba tu.