Usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki

Usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki ni hali ambayo bakteria huendelea kuishi na kuzaliana ingawa mgonjwa anatumia dawa iliyokuwa ikiwaua. Kila dawa inapotumika, bakteria wanyonge hufa na wale wachache wenye jeni za kuikabili hubaki. Hao huongezeka, tena hupitishiana jeni hizo hata kati ya spishi mbalimbali. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya kuhusu jambo hili katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Mwaka 2019 usugu ulisababisha moja kwa moja vifo vinavyokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani, na ulihusishwa na vifo milioni 4.95.

Lawama huangukia zaidi mtu anayenunua vidonge viwili vitatu dukani bila cheti cha daktari, au anayeacha dozi akishapata nafuu. Ni kweli matumizi holela huchochea usugu, lakini anayeishia hapo huacha nje sehemu kubwa ya tatizo. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa watoto wenye maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi la Gram-hasi walikufa kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha wagonjwa wa malaria, na kupewa dawa isiyofaa kwa sababu ya usugu kulikuwa miongoni mwa visababishi vya vifo hivyo. Mtoto wa namna hiyo hana dozi aliyoikatiza. Daktari wake naye, asipokuwa na maabara ya kuotesha vimelea, hulazimika kubahatisha, na kila anapobahatisha huelekea kutumia dawa kali kuliko inayohitajika.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kupunguza maambukizi yenyewe. Blantyre, Malawi, ni mfano ulio wazi. Huko homa ya matumbo iliyo sugu kwa dawa kadhaa ilienea kwa kasi kuanzia mwaka 2011, na kufikia 2014 zaidi ya asilimia 90 ya bakteria waliopimwa walikuwa sugu. Jaribio la chanjo lililofanyika mjini humo likaonyesha kinga ya takriban asilimia 80 kwa watoto, na mwaka 2023 Malawi ikaanza kuitoa nchi nzima. Mtoto asiyeugua hahitaji antibiotiki, wala haambukizi jirani bakteria sugu. Maji safi, vyoo na unawaji mikono wa wahudumu wodini hufanya kazi iyo hiyo.

Wapo wanaosema dawa mpya zitatuokoa. Zinahitajika, ila usugu dhidi ya methisilini uliripotiwa Uingereza mwaka 1961, muda mfupi tu baada ya dawa hiyo kuanza kutumika. Wengine hutaka uuzaji bila cheti upigwe marufuku kabisa. Hoja hii ni nzito zaidi, na kwa dawa za akiba, zile ambazo Shirika la Afya Duniani limezitenga kwa maambukizi yaliyoshindikana, ninaikubali. Lakini kijijini ambako zahanati iko mbali na duka la dawa muhimu ndilo lililo karibu, marufuku isiyotanguliwa na huduma humnyima amoksilini mtoto mwenye nimonia. Azimio la Umoja wa Mataifa la Septemba 2024 linalenga kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu kwa asilimia 10 ifikapo 2030; katika nchi zetu, shabaha hiyo itategemea bajeti za maji, chanjo na maabara za wilaya kuliko ukaguzi wa maduka.