Vigango vilivyovuka bahari

Msikilizaji, mtaani kwetu alikuwapo mama mmoja mwenye mbuzi ya kukunia nazi, ya kuchongwa kwa mkono, kuukuu, mguu mmoja umeliwa na mchwa. Siku moja akapita Mzungu, akaitazama mbuzi ile, akaitaka. Mama alicheka hadi akakaa chini. Akataja bei ya mbuzi mpya tatu, akalipwa papo hapo, na jioni ile nazi ikakunwa kwa mbuzi ya jirani. Sijasikia mtu aliyemlaumu. Mbuzi ilikuwa yake, na aliiuza mwenyewe kwa hiari yake.

Wako watu duniani ambao hiyo ndiyo kazi yao, kuzunguka wakikusanya sanaa za mikono ya watu wa kawaida, za kale na za leo. Katika mji wa Santa Fe, huko Marekani, kuna makumbusho ya sanaa za aina hiyo yaliyofunguliwa mwaka 1953. Mwaka 1978 msanifu Alexander Girard na mkewe Susan waliyakabidhi vitu zaidi ya 100,000 kutoka nchi nyingi, vingi vikiwa vya kuchezea watoto, vinyago vidogo na nguo. Mimi sina ugomvi na mtu anayenunua mwanasesere sokoni kwa aliyemshona. Bila watu kama hao mengi yangekwisha kuwa kuni.

Lakini kuna vitu ambavyo havina muuzaji.

Wagiriama wa pwani ya Kenya, pamoja na ndugu zao wengine wa Kimijikenda, humsimamishia marehemu nguzo ya mti. Mtu wa kawaida husimamishiwa kijiti kidogo kiitwacho koma. Aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima, huchongewa kigango: mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, mrefu mara nyingi kushinda mtu, kichwa cha duara, kiwiliwili bapa kilichonakshiwa pembetatu kwa pembetatu. Kigango si sanamu ya ukumbusho tu. Roho ya mzee imo humo, huombwa, hupewa tembo, na yakitokea maradhi au ukame ndiyo huulizwa kwanza. Kikishasimamishwa haking'olewi. Hata watu wakihama kutafuta ardhi nyingine, kigango hubaki pale pale.

Hapo ndipo mwizi alipopata mwanya. Tangu miaka ya 1970 vigango vilianza kupendwa Marekani, vikaonyeshwa katika majumba ya sanaa, waigizaji wa sinema wa Hollywood wakavinunua, bei ikafika maelfu ya dola. Huku pwani kulikuwa na vijana wasio na kazi, na maduka ya vinyago yaliyojaa watalii. Kijana aling'oa usiku nguzo iliyosimama peke yake porini, akalipwa shilingi chache. Tusijidanganye kwamba wezi walitoka ng'ambo. Aliyeng'oa alikuwa mtoto wa nyumbani, pengine mjukuu wa aliyemo ndani ya mti.

Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani wa mila na jamii, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Aliporudi baadaye kumpelekea mzee nakala ya picha, vigango havikuwapo. Vilikuwa vimeibwa. Mzee alimwomba amsaidie kuvitafuta, naye akafariki mwaka 1987 bila kuviona tena.

Ilipofika mwaka 1999 Udvardy alikuwa katika mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika, akisikiliza mtafiti mwenzake, Linda Giles, akionyesha slaidi za vigango vilivyomo katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois. Kimoja akakitambua. Kilikuwa cha ndugu yake mzee Kalume! Cha pili kikaja kuonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, chuo kilichoanzishwa kuwasomesha Waamerika weusi waliotoka utumwani. Msikilizaji, hilo la Hampton hunikalia moyoni kila nilifikiriapo. Sidhani waliokipokea walijua. Ila sidhani pia kwamba waliuliza.

Mwaka 2003 watafiti hao wawili, pamoja na mwenzao wa Kenya, walitangaza hesabu yao: vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Mkusanyaji makini huuliza umri wa kitu, aina ya mti, nani alikimiliki kabla yake. Katika vigango 294 hivyo, mtu angeuliza tu nani aliyekiuza mara ya kwanza na kwa idhini ya nani, jibu lingemtoa dukani.

Kigango cha Illinois kilirudishwa Kenya mwaka 2006, cha Hampton mwaka 2007. Kilichovirudisha ni ile picha ya mwaka 1985. Bila picha, familia ingesema chetu, makumbusho yangesema leteni ushahidi, na maneno yangeishia hapo.

Wengine hawakuwa na picha. Makumbusho ya Denver yalipokea vigango 30 mwaka 1990, vikiwa zawadi za wakusanyaji. Baadaye wakuu wake waliamua wenyewe, bila kushtakiwa, kwamba havikuwa vyao, na mwaka 2019 vikasafirishwa kurudi Kenya. Vilifika vikiwa na nambari za makumbusho, lakini hakuna karatasi inayosema ni cha ukoo upi, wala kiling'olewa katika mji upi kati ya Malindi na Mombasa.