Kikomo cha Bei ya Umeme California

Umeme si kama mpunga au mbata, bidhaa ambazo mwenye nazo asiporidhika na bei huzitia ghalani akangoja msimu mwingine. Umeme hutengenezwa na kutumiwa katika dakika ile ile, na kwa hiyo aushikaye wakati wa haja huwa na nguvu kubwa mno juu ya wanunuzi. Jambo hilo halikupewa uzito wake mwaka 1996, jimbo la California, Marekani, lilipopitisha sheria ya kuifungua biashara hiyo. Soko la jumla lilipoanza mwaka 1998, kampuni za kugawa umeme zilishurutishwa kununua humo kwa bei yoyote itakayotokea, ilhali bei ya kumwuzia raia imefungwa kwa sheria: mlango mmoja ulikomewa, wa pili ukaachwa wazi.

Kiangazi cha 2000 wakazi wa San Diego, ambao bei zao za rejareja zilikwisha kufunguliwa, waliona ankara zikipanda maradufu na zaidi. Wasimamizi wa gridi wakateremsha kikomo cha bei ya jumla kutoka dola 750 kwa megawati-saa hadi 500, kisha 250. Lakini kikomo hicho hakikuwafunga wauzaji wa nje ya jimbo, na wenye tamaa hawakukawia kuuona mwanya huo. Umeme wa California uliuzwa nje, kisha ukarejeshwa kama wa kigeni kwa bei ya juu, mfano wa shehena ya magendo itokayo bandarini usiku ikaingia asubuhi kwa hati nyingine. Hiyo ilikuwa dhuluma, wala haistahili jina jingine.

Desemba kikomo kikalegezwa, na bei ya wastani sokoni, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa kama dola 30, ikapita 300. Tarehe 17 Januari 2001 umeme ukakatwa kwa zamu kaskazini mwa jimbo. Taa za njia panda zikazimika, magari yakasongamana, na Gavana Gray Davis akatangaza hali ya hatari. Mwezi Aprili kampuni ya Pacific Gas and Electric ikakimbilia hifadhi ya mahakama ya muflisi.

Na sheria ilikuwapo! Tangu 1935 sheria ya Marekani imeamuru bei ya jumla ya umeme iwe ya haki na insafu, na amana hiyo ilikuwa mikononi mwa halmashauri ya serikali kuu, ambayo ilisitasita hadi 19 Juni 2001 ndipo ikaweka kikomo kwa saa zote na kwa majimbo yote 11 ya magharibi, mwanya wa mpakani ukazibwa. Ni kweli kwamba bei ya gesi nayo ilishuka, na raia walipunguza matumizi. Lakini muuzaji hakuwa tena na pa kuukimbizia umeme wake, na giza lililohofiwa kiangazi kile halikuja.

Katika miezi ya kusitasita, serikali ya jimbo ilinunua umeme kwa niaba ya kampuni za kugawa umeme, ikaja kukopa kiasi cha dola bilioni 11 kulipia. Na hata ulipoingia mwaka 2020, raia wa California walikuwa bado wakilipa deni hilo katika ankara zao za kila mwezi.