Kidole kilichosahauliwa Sheffield

Mdogo wangu alifungiwa kidole na mlango mwaka 2009, akiwa na miaka 5. Ncha ikakatika, kucha nusu ikaenda nayo. Pale tulipomkimbiza walifanya vile wengi wanafanyaka: wakapunguza mfupa, wakavuta ngozi, wakashona. Leo eko chuoni, na kile kidole ni kifupi, hakina kucha. Sikuonaka shida, mpaka niliposoma historia ya tiba.

Kumbe mwaka 1974, daktari Cynthia Illingworth wa hospitali ya watoto ya Sheffield, Uingereza, alichapisha makala juu ya watoto waliokatika ncha za vidole. Wanasimulia kwamba ilianza na kosa tu: mtoto mmoja alifungwa kidonda, halafu wakasahau kumtuma kwa mpasuaji. Siku chache kisha wakafungua bandeji, kidole kimeanza kuota chenyewe! Basi Illingworth akaacha kushona. Alisafisha, akafunga kwa kitambaa kisichoganda, akangoja. Kama sehemu iliyokatika ilikuwa mbele ya kiungo cha mwisho, na mtoto eko bado mdogo, nyama na ngozi na kucha vilirudi, kwa muda wa miezi kama mitatu. Australia, daktari Douglas alikuwa ameandika mambo ya kufanana na hayo 1972.

Mimi naona ugumu ulikuwa kwenye kungoja. Mpasuaji anafundishwa kutumia mikono. Kukaa bila kufanya kitu kunafanana na uvivu, zaidi sana mbele ya mama anayelia.

Sababu ilikuja polepole. 1982, Richard Borgens alionyesha kwamba panya pia anaotesha ncha ya kidole. 2013, kundi la Mayumi Ito, New York, likakuta siri iko kwenye kucha: pale kwenye mzizi wake kuna seli-shina, na ishara inayoitwa Wnt inaita mishipa ya fahamu, nayo inasaidia nyama na mfupa kukua tena. Ukikata nyuma ya kucha yote, hakuna kinachorudi.

Sisemi tubakishe mtoto nyumbani, hapana. Kidonda kinaombaka kusafishwa, na mfupa lazima daktari auone.

Nilimweleza mdogo wangu haya yote. Akaangalia kidole chake, akaniuliza: «Yaya, toka 1974 mpaka 2009 ni miaka ngapi?»

Nikapiga hesabu. Ni 35.